Wenye karakana, acheni dawa yangu ya "kuza kwanza"

Wakuu, amani kwenu nyote. Haya sikusimuliwa, yamenipata hapa Kampala, na mwenye makosa ni mimi. Leo moyo umetulia, ndiyo maana naweza kuyaandika.

Mimi ni mzee, fundi wa magari wa polisi niliyestaafu. Nina karakana ndogo Katwe. Tunakata mabamba ya chuma kwa mashine inayoongozwa na kompyuta: maua ya mageti, grili za madirisha.

Michoro tunachora kwa programu ya bure, ya open source. Mafundi tumepeana kwa flash, mkono kwa mkono.

Sasa programu hiyo ilikuwa na ugonjwa. Ukihifadhi mchoro kwa ajili ya mashine, kipande kinatoka kidogo kuliko ulivyochora. Nikahangaika mpaka nikapata ujanja: kuza mchoro kidogo kabla ya kuhifadhi, kipande kinatoka sawa.

Nikaandika kwenye grupu la mafundi: "Kuza kwanza, halafu hifadhi."

Wakuu, nilisifiwa! "Afande daktari!" Kichwa kikavimba.

Mmoja tu aliuliza, "Waliotengeneza programu wanajua?" Nikamjibu, "Wako mbali huko, watatusikia sisi wa Katwe?" Jibu hilo bado linaniuma.

Basi, nina jirani, Hajati Zubeda. Alikuwa mshonaji wa gomesi, yale magauni ya Kiganda, akanunua mashine ya chuma juzijuzi. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa grili za madirisha ya madrasa moja kule Old Kampala. Nikampa dawa yangu, bure, kwa roho safi.

Asubuhi moja akaja akiburuza grili sakafuni.

"Afande, njoo uone dawa yako."

Grili ilikuwa kubwa kuliko fremu.

"Labda ulipima vibaya, Hajati."

"Grili zote tatu? Nimepima viuno vya Kampala nzima, dirisha lisilopumua ndilo linishinde?"

Mabamba yaliyobaki yalitosha kazi tu, hakuna la kuharibu. Akikosea tena, madrasa wangempa kazi mtu mwingine, na mwanamke mgeni Katwe hapewi nafasi ya pili kirahisi.

Tukauliza grupu. Mmoja: "Kuza mara mbili." Mwingine: "Zima, washa." Mwingine: "Pakeni mashine grisi."

Hajati akasoma, akasonya. "Hili ni grupu la mafundi au la waganga?"

Hapo ndipo nilipowaandikia wenye programu. Kwa hasira: "Programu yenu inaharibu vipimo. Rekebisheni."

Kesho yake nikajibiwa, kwa adabu. Pole sana. Unatumia toleo gani? Ulifanya hatua zipi? Ulitegemea nini, ukapata nini? Tafadhali tuma faili yenyewe.

Nikakasirika. Halafu nikacheka peke yangu. Kule gereji ya polisi, dereva akileta gari na kusema "inasumbua tu", nilikuwa namfokea: inasumbua wapi? Ikiwa baridi au moto? Kwenye tambarare au ukipanda kilima cha Lubaga? Sasa dereva yule nilikuwa mimi.

Nikakaa na Hajati. Tukachora mraba uleule kwenye kompyuta zote mbili, bila dawa, tukakata kwenye vipande chakavu. Wangu ukatoka mdogo. Wake ukatoka sawasawa!

Nikatuma yote: toleo, hatua, faili mbili.

Jibu likaja. Michoro yangu yote ilianzia kwenye faili moja ya zamani, iliyopimwa kwa inchi, ileile mafundi tuliyopeana kwa flash. Wakati wa kuhifadhi, programu iligeuza inchi kuwa milimita kwa hesabu yenye kasoro, ikapunguza kidogo kila kipimo. Hajati alianza upya, kwa milimita. Nilimpa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

"Kata bila kukuza, Hajati."

"Una uhakika, Afande?"

"Safari hii ninao."

Grili ikaingia kwenye fremu, tak. Hajati akakaa juu ya debe. "Alhamdulillah." Halafu, bila kunitazama: "Na zile grili tatu zilizoharibika, unalipa." Nikazifidia kwa mabamba yangu, na nililipa nikitabasamu.

Si mwisho. Bug, yaani kasoro hiyo, ikarekebishwa, toleo jipya likatoka. Banange, nikashtuka: mwenye toleo jipya akiendelea kukuza kwanza, ataharibu kila kitu! Nikaandika kwenye grupu, ujumbe ukazama kwenye vichekesho. Ikabidi nipite Katwe mlango kwa mlango.

Karakana ya mwisho, hata mwenye nayo sikumjua. Ukutani, kwa rangi nyekundu: KUZA KWANZA.

"Nani kakufundisha hii?"

"Kuna Afande mmoja, mzee, fundi hatari."

Nikaomba brashi, nikaanza kufuta.

"We mzee! Hiyo ndiyo inatulisha!"

"Afande mwenyewe ndiye mimi, mwanangu. Lete rangi zaidi."

Ndiyo hivyo wakuu. Wenye programu waliniambia hakuna aliyewahi kuwaripotia. Sisi sote tuliumwa, tukapeana panadol, na daktari hakuitwa. Ukipata ujanja mpe mwenzio, sawa, asilale njaa. Lakini siku hiyohiyo waandikie wenye kazi yao: toleo, hatua, ulichotegemea, ulichopata. Wanasikia, hata Katwe.

Na wewe unayesoma, una dawa gani ukutani kwako? Iweke hapa, tuone kama ugonjwa wake bado upo.