Siku Poda Iliponiumbua Mbele ya Kwaya

Jumapili iliyopita nilijiaibisha mbele ya kwaya nzima, lakini bado natembea kifua mbele.

Nauza vipodozi Kibaoni, hapa Ifakara. Ujanani nilitumbua chunusi na kujichubua kwa krimu kali, nikabaki na madoa meusi na mashimo mashavuni. Daktari wa ngozi ndiye aliyeniokoa. Niliacha krimu zile, nikatumia dawa yake na mafuta ya kuzuia jua, nikavumilia. Madoa yalifutika. Mashimo yalipungua, ila hayakuisha.

Basi mlezi wa kwaya ya Mlabani akaniomba nizungumze na wasichana wake kuhusu ngozi. Nikajipodoa mpaka mashimo yakajificha, nikasimama mbele yao niking'aa, nikawasimulia habari za makovu yangu. Joto la Ifakara nikalisahau.

"Dada, makovu yako yaliisha yote?" aliuliza Anjela, binti aliyekaa mbele akiwa ameziba shavu kwa kiganja.

"Yote! Na leo sijapaka kitu," nilijibu kwa majivuno, huku nikijifuta jasho kwa leso nyeupe.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikaitazama leso, nikaona imegeuka kahawia. Shavu langu moja lilikuwa wazi, na mashimo yake yote.

Nilitamani kukimbia. Lakini Anjela hakucheka. Aliteremsha mkono taratibu.

"Kumbe dada una mashimo kama yangu!"

"Ninayo, mdogo wangu," nikasema, nikalifuta na shavu la pili. "Sogeeni mwone vizuri."