Ngazi ya Kwa Kadhi

Siku mbili za kesi zilikuwa zimepita, na zote mbili karani aliandika kwamba shangazi hakuhudhuria. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Asipoonekana, nyumba yetu ya mtaa wa Kuze atapewa binamu yangu, aliyekuwa akiidai kwa haki ya marehemu baba yake. Mimi nililelewa na shangazi mumo humo. Hatukuwa na kwingine.

Wala si kwamba hakufika. Miguu yake ilikufa tangu homa ya utotoni, na Kadhi alikaa ghorofani, juu ya ngazi nyembamba yenye kona. Jina huitwa mara tatu mle chumbani, na asiyeingia hayupo. Siku zote mbili nilikuwa chini naye, nami sikuthubutu kupanda kusema.

Asubuhi ile majirani wanne, wanawake, walimbeba kitini ndani ya shiraa, lile hema la kitambaa linaloinuliwa kwa vijiti, ambalo mabibi wa kwetu hawakutoka bila hilo. Pale konani kiti kikakwama. Tukakirudisha, tukakilaza upande, kikakwama tena. Mwanamume mmoja aliyekuwa mlangoni akasema atambeba mgongoni.

"Wewe nani kwangu?" shangazi akamuuliza toka ndani ya kitambaa.

Yule bwana akarudi mlangoni pake. Juu, jina likaitwa.

"Panda wewe," shangazi akaniambia. "Sema nipo."

"Mimi, shangazi? Kuna wanaume watupu."

"Na tukitolewa nyumbani, hizo haya zako tutazilaza wapi?"

Nikapanda. Jina likaitwa mara ya pili. Nilisimama mlangoni nimejifunika hadi machoni. Binamu alikuwa ameketi karibu na Kadhi, kanzu yake imenyooka.

"Hakuja, Sheikh," alisema kwa upole. "Ndiyo kawaida yake."

Karani akavuta pumzi aite mara ya tatu.

"Yuko chini," nikasema. Hakuna aliyegeuka. Nikarudia. "Yuko chini, Sheikh. Ngazi ndiyo haimpitishi."

Kadhi aliweka kalamu, akamtazama binamu. "Huyo aliye chini ni nani wako?"

"Shangazi yangu. Dada wa baba."

"Basi wewe ni maharimu wake, huwezi kumwoa; kumbeba hapana haramu. Nenda ukamlete."

Binamu alishuka polepole kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona akishuka. Alipopanda naye mgongoni alikuwa anahema, nami nyuma nimeshika mtandio wa shangazi usiburuzike.

"Taratibu, babangu," shangazi alimwambia sikioni. "Ukiniangusha utamshitaki nani?"

Karani akacheka, akajifanya anakohoa.

Hukumu haikutoka siku ile. Lakini nilichungulia daftari, nikaliona jina lake na mbele yake neno moja: amehudhuria. Nililisoma mara mbili.

Tulipoambiwa tuondoke, binamu alikuwa ameshafika mlangoni, anatafuta viatu vyake.

"Wewe," Kadhi akamwita bila kuinua macho. "Na kumteremsha?"