Dereva Amepumzika

Serikali ilipowaruhusu watu binafsi kununua korosho, wengi pale Masasi walibaki wanashangaa. Mimi sikushangaa. Nilianza na baiskeli, nikibeba magunia kutoka Chiungutwa, na kwa darasa la nne langu hilohilo nikanunua lori. Kuukuu, lakini langu. Tena nikaweka sheria ambayo matajiri wenzangu, hata waliosoma, hawakuwa nayo: dereva wangu akitoka Mtwara, hapandi mlima wa Newala kabla hajalala. Walinicheka eti nalea dereva kama mtoto mchanga. Malori yao yakawa yanaokotwa makorongoni, langu linapita.

Kitu kimoja tu sikukijua: kuendesha.

"Tajiri, wewe gari lako unalijua milango tu," dereva alizoea kunitania.

Siku hiyo tulikuwa tunatoka Mtwara, tunapeleka Newala sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Kufika Chiungutwa macho yake yalikuwa mekundu, nikamwambia asimame. Akatandika mkeka chini ya lori, akajifunika kanga, akalala. Lakini mama yake, mjane wa Chilangala, alikuwa anamngoja mchana ule na kuku ameshachinja. Ikapita pikapu inayokwenda huko. Nikamwomba mwenye pikapu, "Mwambie mama yake kijana amepumzika hapa, wasimngoje."

Jua likageuka. Mzee mmoja akashuka mlima na baiskeli, aliponiona akavua kofia.

"Pole, bwana. Chilangala kilio kimeshaanza. Maiti mmeiweka wapi?"

"Maiti gani?"

Akachungulia chini ya lori, akaona miguu imetokeza kwenye kanga, akageuza uso.

"Huyu amelala, mzee!"

"Ndiyo, amelala. Mungu amlaze pema."

Ndipo nikaelewa mwenye pikapu alivyoufikisha ujumbe wangu. Nikamvuta dereva miguu mpaka akaamka, mzee wa watu akakimbia na kuacha baiskeli.

Mlima ule, lori likiwa na shehena, unapandwa kwa gia namba moja.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, tajiri, mpaka chini."

Waliokwenda kwa miguu walitupita. Nilishika dashibodi kwa mikono miwili, kana kwamba nalisukuma.

Chilangala, waliposikia lori, kilio kilizidi. Walijua nimeleta maiti. Dereva akaruka chini, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Shikamoo, mama."

Mama akajifunika uso. Akaamkiwa mara ya pili. Kisha akanyoosha mkono bila kutazama, akamshika vidole vya mkono, kimoja kimoja, kama anatafuta baridi. Hata "marahaba" haikutoka. Aligeukia kwangu.

"Baba, usimpumzishe tena mwanangu."

Nilimweleza sheria yangu. Nilimweleza makorongo. Mimi ninayewashinda maneno wanunuzi wa Mtwara, nilieleza mpaka jasho likanitoka. Mama alitikisa kichwa tu.

"Sawa, mama," kijana akasema.

Ikawa basi. Nilipata lori la pili na la tatu, nikaezeka bati nyumba ya vyumba sita, lakini kumlaza dereva yule sikuweza tena. Nikimwambia simama, jibu lake moja: "Tajiri, mama amekataza." Kumfukuza nisingeweza, aliyeujua mlima kama yeye hakuwapo.

Basi nilikuwa nakaa kando yake nikitazama kope. Namsimulia uongo wa kila aina, namuuliza habari za watu asiowajua. Akichelewa kujibu, namfinya paja.