Mume Wangu Aligeuza Maneno ya Mwanamke wa Senema

Jumapili, tarehe sita. Asubuhi mawingu mazito, joto kali, mvua imekataa kunyesha.

Mhariri, naomba jina langu lifichwe. Nina miaka ishirini na tisa. Nilisoma sekondari kwa masista huko bara, nikafundisha miaka minne kabla ya kuolewa. Tunakaa Temeke. Mume wangu ni mwandishi wa gazeti, si hili lenu. Na mimi ni mwandishi wa gazeti hilohilo, ila hayo tunayajua watu wawili tu.

Kila wiki naandika makala ya maisha ya mjini: ugomvi wa bombani, harusi, wapangaji na wenye nyumba. Naandika kwa mkono, yeye anapiga chapa, anatia jina lake chini, anapeleka. Tulipoanza aliniambia, "Mhariri wetu hapokei kazi ya mwanamke. Tuingie kwa jina langu, wakishaizoea nitawaambia." Nimeangalia katika shajara yangu: tangu aseme hivyo imepita miaka mitatu. Watu humsimamisha njiani, "Bwana, wanawake unawajua wewe!" Naye hucheka tu.

Jana mchana, katika ukumbi wa hapa kwetu, ilionyeshwa picha ya zamani, ya siku zile senema zilipoanza kusema. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Picha ilikuwa ya Kiingereza, hivyo mume wangu, kama kawaida yake, alisimama kando ya kitambaa cha picha na kipaza sauti akiwafasiria watu. Habari yenyewe ni ya mke na mume, wote waandishi wa gazeti. Mke anaandika, mume anasifiwa. Mwishoni mke anazinyakua karatasi mezani na kusema, nami nilimsikia vizuri: "Hii ni kazi yangu. Leo naipeleka mwenyewe."

Mume wangu alikisogeza kipaza sauti mdomoni. Kisha akatangaza: "Mke anasema, nisamehe mume wangu, kalamu imenishinda, narudi jikoni."

Ukumbi mzima makofi! Jirani yangu Mama Zuhura akanigonga goti. "Umeona, Mwalimu? Kumbe hata Wazungu wana wake wenye adabu!"

Nikasimama. "Hakusema hivyo!"

"Kuna mtu huko nyuma anataka kunifundisha kazi," akasema mume wangu, na sauti yangu aliijua vizuri sana. Watu wakaangua kicheko. "Kaa chini, bibi, unatuziba!"

Kwenye kitambaa yule mwanamke alikuwa anatoka mlangoni, karatasi kwapani. Mzee mmoja wa mbele akauliza, "Mbona jikoni anakwenda na kofia?"

"Jiko la Wazungu liko mbali," akajibu mume wangu, wakacheka tena.

Tulipofika nyumbani yeye ndiye aliyekasirika. "Umeniaibisha, Mama Neema. Ile ni picha tu. Ningewaambia yale, nani angemleta mkewe tena?"

"Wanaume wale hukuwaogopa, Baba Neema. Uliniogopa mimi."

Alinawa mikono, akala, akamaliza. Ndipo akasema, "Usisahau makala ya picha hiyo. Naitaka mwisho wa wiki."

Usiku wa kuamkia leo nimeiandika, kwa hasira, na maneno ya yule mwanamke nimeyaweka kama alivyoyasema. Chini nimeacha nafasi ya jina. Nikitia langu na kuipeleka mwenyewe, ofisi nzima itajua mwandishi wao ni nani, naye atapoteza kazi inayotulisha na mtoto wetu. Nikimpa yeye, atanigeuzia maneno kama alivyomgeuzia yule. Shangazi yangu anasema jina la mume ndilo jina la mke. Mbona basi langu halikuwa la mume hata siku moja?

Na hata hapa kwenu nimekuja bila jina. Nishaurini, hasa nyinyi mliomo katika ndoa: ile nafasi niijaze kwa jina la nani?

Nilizima taa saa nane kasoro robo. Usingizi ulinijia saa kumi.