Matanga ya Bingwa Wetu Pale Migori

Kuna watu wananiudhi, na wa kwanza ni yule anayeniambia kwamba mieleka ya kwenye televisheni ni maigizo. Huwa anasema huku akitabasamu, kana kwamba ameniletea habari moto moto kutoka Nairobi. Mimi ni mama wa watu wazima, nashona sare za shule mjini Homa Bay, navaa miwani, na najua vizuri sana kwamba ni maigizo. Nilijua tangu darasa la sita. Na bado, asubuhi niliyosikia Bingwa amefariki, niliacha cherehani na sindano ikiwa katikati ya kola, nikalia mpaka mteja wangu akaniuliza kama ni ndugu. Nikamwambia ndiyo, ni ndugu.

Sitamtaja jina. Alikuwa jitu la shingo nene, anakuja ulingoni na taulo la kijani kichwani, na kabla ya kengele kulia alipiga goti kwenye kona akafunga upya kamba za kiatu cha kushoto. Polepole! Adui anarukaruka pale katikati, watu wanapiga kelele mpaka mishipa inawatoka, na yeye anafunga kiatu. Hakuwa na haraka na mtu. Akishamaliza, basi, huyo mwingine alikuwa amekwisha.

Tulimpata utotoni, nyumbani kwetu Kendu Bay, mimi na kaka yangu aliyenitangulia kwa miaka miwili. Baba alikuwa mzee wa kanisa la Kisabato, na televisheni yetu ya betri ya gari ilifunikwa kitambaa cha kufuma tangu Ijumaa jioni. Hakuna kuigusa mpaka jua la Jumamosi litue. Shida ni kwamba Sabato iliisha kwa jua, na mieleka ilianza kwa saa. Dakika zile chache katikati zilituua. Kaka alipanda kwenye kichuguu nyuma ya choo awe shahidi wetu.

"Baba, limezama!"

"Bado naliona kidogo."

"Hilo ni wingu, Baba! Haki ya Mungu ni wingu!"

"Usiape siku ya Sabato."

Watoto wa majirani wote wako sebuleni, wamekaa sakafuni mbele ya kitambaa, hakuna anayepumua. Na Baba alipokuja mwishowe akakiinua kile kitambaa, yawa! Kelele zetu zilifika ziwani. Baba hakukaa chini. Alisimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni, akatazama mpaka mwisho kama mtu anayepita njia tu. Nafikiri kukaa kungekuwa kukubali kwamba na yeye anapenda.

Mimi nilipenda kelele. Kaka yangu alipenda mtu mwenyewe. Bingwa akipigana na mkono ukiwa umefungwa bendeji, kaka alinigeukia na kuniambia, "Umeona? Hasemi." Hilo neno lilimwingia. Mwaka mmoja alianguka na baiskeli akavunjika kifundo cha mkono, akakaa siku tatu bila kusema. Mama alijua kwa sababu alimwona anakula ugali kwa mkono wa kushoto, na kwetu huo ulikuwa ushahidi wa kutosha wa kitu kibaya. Alipigwa kwanza, halafu akapelekwa hospitali.

Sasa kaka ni mtu wa Osiri. Ameishi kule kwenye machimbo ya dhahabu miaka mingi, na kazi yake ni mashine ya kusaga mawe. Ukimtembelea unamkuta mweupe kama aliyeanguka kwenye gunia la unga, kope na nyusi vyote vumbi. Na amekuwa akikohoa. Mwaka mzima anakohoa. Nimempigia simu, nimemtuma mke wake, nimemtuma mchungaji, nimemtishia kwamba sitakuja hata kwa maziko yake. Jibu ni moja. "Ni vumbi tu, nyaminwa." Nyaminwa maana yake dada yetu, na akishaniita hivyo anajua nimelainika.

Siku ya msiba ule alinipigia mwenyewe. "Nyaminwa," akasema, "tumebaki yatima." Kisha kikohozi kikamkata. Nikasubiri. Nikasubiri tena, simu sikioni, nikisikia kitu kama mtu anayeburuta kiti kifuani mwake. Alipopata sauti akaniambia kwamba Jumapili mchana mashabiki wote wanakutana Migori mjini, kwenye ukumbi wa video, kumfanyia Bingwa matanga. Nikasema nakuja. Sikumwambia kwamba nilikuwa nakuja kwa mambo mawili. La kwanza, kumlilia Bingwa. La pili, kumchukua yeye nimpeleke hospitali, hata kama ni kwa kumburuta.

Ukumbi wenyewe ni wa mabati, na mwenye nao ni mzee aliyekuwa akitutafsiria mieleka kwa Kijaluo kwenye kipaza sauti zamani, tulipokuwa tukikimbilia Migori wakati wa likizo. Jumapili ile alikuwa amevaa suti. Suti! Mezani ameweka picha kubwa ya Bingwa, maua ya plastiki, na taulo la kijani limekunjwa vizuri. Watu walikuwa wamejaa mpaka nje, wamama na watoto mgongoni, wachimbaji wa Osiri na vumbi lao, wanaume wazima wenye macho mekundu. Nilipoingia mtu akaita, "Nyar Kendu amefika!" binti wa Kendu, wakanipisha hadi mbele. Nilijisikia kama mfiwa halisi. Moyo ulikuwa unanidunda kama siku zile za kitambaa.

Kulikuwa na Mkuria mmoja, mwuza ng'ombe kutoka mpakani, ambaye miaka yote alishangilia maadui wa Bingwa kwa makusudi tu, ili atuchome. Alikuwa amekaa mstari wa kwanza.

"Wewe umekuja kufanya nini hapa?" nikamwuliza.

"Nimekuja kuhakikisha. Huyu mtu amenidanganya mara nyingi. Yuko chini, mara ameinuka."

Tulicheka mpaka tukasahau tuko matangani. Mzee akawasha skrini, akatuonyesha mapambano ya zamani, na mimi nawaambia, tuliyajua yote na bado tuliruka. Jitu moja lenye ndevu lilipomrusha Bingwa nje ya kamba, mama mmoja nyuma yangu alimpigia kelele arudi. "Inuka, baba! Inuka!" Na aliinuka. Mtu tunayemfanyia matanga aliinuka, na mabati ya ule ukumbi nusura yang'oke.

Baadaye tukaanza kumzungumzia kama tunavyomzungumzia marehemu yeyote wa kwetu, maana marehemu lazima azungumziwe hadi mambo ya nyumbani kwake. Wake watatu, wote wakaondoka.

"Watatu tu?" akauliza Mkuria. "Kwa mabega yale?"

Binti mmoja, akalelewa na bibi yake kwa sababu baba yuko safarini kila wiki. Wamama walinuna kidogo hapo. Halafu mzee akatoa simu, akatusomea yale aliyosema binti huyo baada ya kifo. Kwamba daktari alimkataza baba yake kupigana, kwa sababu ya moyo. Kwamba alimficha kila mtu, akaendelea miaka. Na kwamba lile goti la kona, lile la kufunga kiatu, katika miaka ya mwisho halikuwa mbwembwe. Alikuwa anatafuta pumzi.

Mimi niligeuka kumtafuta kaka yangu kati ya wachimbaji. Lakini ukumbi! Ukumbi ulilipuka kwa furaha. Kwamba huyu mtu alikuwa mgonjwa hivyo na bado akawapiga wote! Kaka yangu alisimama juu ya benchi, suruali ikimpwaya, ngumi hewani. "Huyo ndiye mwanaume! Hakusema! Mpaka mwisho hakusema!" Nilipiga kelele, "Na binti yake je?" Hakuna aliyenisikia. Nilikasirika jamani, nilitamani kumshusha kwenye lile benchi kwa sikio.

Ndipo bendi ya ohangla, ngoma zetu za Kijaluo, ikaanza. Matanga kwetu hayajakamilika bila pakruok, na nieleze kwa asiyejua. Ngoma inapigwa, wewe unainua mkono, ngoma inasimama, unajisifu. Unajisifu utakavyo, wewe na ndugu zako na shemeji zako. Sheria ni moja: hakuna wa kukupinga. Hata ukisema ulizaliwa na meno, watu watashangilia na ngoma itarudi. Mkuria alijua sheria kutushinda.

"Simamisha! Mimi mwuza ng'ombe wa mpakani, fahali wangu akipita, askari wa Kenya anapiga saluti upande huu na wa Tanzania anapiga upande ule!"

Ngoma! Vigelegele!

Kaka akainua mkono. "Simamisha! Mimi ja-Kendu, mwana wa Kendu na mtu wa Osiri, nasaga mawe mpaka mawe yananiomba msamaha! Mwaka mzima kifua kinapigana na mimi, na sijaanguka!"

Vigelegele, na ndani yake kikohozi. Kilimkunja katikati. Wapiga ngoma walimwona, wakapiga kwa nguvu zaidi ili kisisikike. Walifanya kwa heshima, najua. Lakini mimi nilikuwa karibu naye, na nilimwona akijipangusa mdomo na kuificha leso haraka.

Mwanamke kwetu hamwaibishi kaka yake mkubwa mbele za watu, tena kaka ambaye tangu Baba afariki ndiye mwenye boma. Nililifikiria hilo labda kwa muda wa kupiga chafya. Kisha nikainua mkono.

"Simamisha! Mimi nyar Kendu, fundi wa Homa Bay! Mimi ndiye dada wa mwanaume anayekohoa Osiri, vikombe vinaanguka kisiwani Rusinga!" Wakacheka, wakapiga makofi. "Kaka yangu ni hodari wa kukonda! Suruali niliyomshonea Krismasi anaifunga kwa kamba! Kaka yangu anaficha ugonjwa kumshinda Bingwa! Na mimi nitasifika kuliko wote, kwa sababu nitasimama hapahapa na picha ya kaka yangu mezani, niwasomee jinsi alivyokuwa akitafuta pumzi, na ninyi mtanishangilia!"

Mpiga ngoma aliishika fimbo yake juu, hakujua aishushe au la. Mama mmoja alitoa kigelegele kifupi kwa sababu sheria ni sheria, kikamfia mdomoni. Mzee wa ukumbi alitazama viatu vyake.

Kaka alishuka kwenye benchi. Watu wakampisha, na nilidhani anakuja kunipiga kofi, na nilikuwa tayari, ningelipokea. Hakunifikia. Alisimama katikati ya ukumbi akainua mkono, ingawa hakukuwa na ngoma ya kusimamisha.

"Mimi ja-Kendu," akasema. Hakupaza sauti. "Mimi ndiye nimetema damu tangu Jumanne. Mimi nina leso sita chini ya godoro, mke wangu hajaziona hata moja. Mimi ni hodari." Akavuta pumzi, kifua kikipanda na kushuka, na hakuna mtu aliyethubutu kumsaidia neno. "Najua watanipiga picha ya kifua. Najua hiyo picha itasema. Mimi, watu wangu, naogopa. Hakuna mtu Migori nzima anayeogopa kama mimi!"

Na ule ukumbi, Mungu awabariki, ulifuata sheria. Walishangilia! Mkuria aliruka juu ya kiti chake na fimbo yake ya ng'ombe. Wamama walipiga vigelegele vya harusi, ngoma zikarudi zote kwa mpigo, wachimbaji wa Osiri wakampigia kaka yangu makofi kama vile amemwangusha mtu. Mimi nilikuwa nalia na kupiga kelele pamoja nao, sijui nilikuwa nasema nini. Sijawahi kusikia mtu akishangiliwa hivyo, si kwenye televisheni, si popote.

Alinifikia katikati ya zile kelele. Alinishika bega, mkono wake mwepesi mno, akainamisha kichwa mpaka mdomo ukagusa sikio langu, kwa sababu ngoma hazikuwa na nia ya kunyamaza.

"Kesho," akasema. "Lakini usiniache mlangoni. Uingie na mimi."