Dobi Kimya na Shati la Kwanza la Binti Yake

Mtaani walimwita Dobi Kimya. Wateja walimtania kwamba hata pasi yake ya mkaa ina maneno kumshinda, maana pasi angalau hufuka moshi. Yeye alitabasamu tu, akaendelea kunyoosha.

Kazi alifundishwa na mama yake, katika chumba kimoja chenye meza iliyotandikwa blanketi kuukuu. Mama hakuwa mkali. Hakumpiga wala kumnyima chakula. Ila alikuwa mbali, kama mtu anayesikiliza redio ya chumba cha jirani. Mtoto akimaliza shati, mama aliligeuza, akiona mkunjo alilinyunyizia maji na kumrudishia. "Rudia." Siku ambayo mkunjo haukuwepo, aliliweka juu ya mengine, basi. Mtoto alibaki amesimama kidogo, akingoja neno. Neno halikuja mpaka mama akazikwa.

Hata hivyo alimkumbuka kwa mapenzi. Harufu ya wanga ilipopanda kutoka kwenye nguo ya moto, alimwona kabisa, kitambaa kichwani, kidole kilicholowa maji kikigusa pasi, tss! Angetoa chochote aisikie ile "Rudia" japo mara moja!

Sasa binti yake naye alikuwa amenyoosha shati lake la kwanza. Alilileta kama anayebeba kitoto kichanga. Dobi akaligeuza. Chini ya kola palikuwa na mkunjo. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kopo la maji.

"Baba watoto," mkewe akamnong'oneza, "mtoto amesimama. Wewe ulisimama hivyo utoto wako wote, si uliniambia mwenyewe?"

Mkono ukaishia hewani. Dobi akakohoa.

"Mwanangu... umefanya vizuri. Vizuri sana."

Binti akageuka. "Mama, baba anaumwa?"

"Haumwi. Anajifunza kusema."

"Basi ajifunze polepole, asije akatuchosha kwa hotuba!"

Wakacheka wote, dobi akiinamisha uso kwa haya. Kisha binti akasema kwa sauti ndogo, "Lakini baba, kwenye kola kuna mkunjo. Niliuona, nikaogopa kusema."

"Upo," akajibu. "Na shati ni zuri vilevile. Njoo huku."

Akauweka mkono wake juu ya mkono wa binti, wakaisukuma pasi pamoja, polepole, mpaka ncha ya kola.