Katuni za Sebuleni Siku ya Posa

Kwetu Mabamba, sebule isiyobandikwa magazeti ni sebule ya mtu mvivu. Ukuta wa tofali mbichi humwaga vumbi jekundu kwenye chai, kwa hiyo akina mama hukoroga uji mzito wa unga wa muhogo, wakapaka, wakabandika chochote chenye maandishi: magazeti, kalenda za zamani, mabango ya uchaguzi. Nilikua nikisoma kuta. Mpaka leo najua habari nyingi ambazo mwisho wake uko nyuma ya kabati la jirani.

Labda ndiyo maana, nilipokwenda Kasulu kusomea ualimu, katuni zikanikamata na hazijaniachia. Sokoni palikuwa na muuza vitabu vya mitumba aliyevimwaga juu ya turubai kama viazi. Zilikuwemo za kwetu kutoka Dar, zenye wino unaobaki vidoleni na watu wenye pua kubwa wanaogombania deni la supu. Zilikuwemo za Kijapani, zinazoanzia nyuma, ambamo mvua inanyesha kurasa tatu nzima na hakuna anayesema neno. Na zilikuwemo za Kifaransa, jalada gumu, rangi tele, ambazo Mkongo mmoja alizileta kutoka kambi ya wakimbizi kwa baiskeli. "Dada, hii iko bede ya muzuri kabisa," aliniambia, bede ndiyo katuni kwao, na kwa kuwa Kifaransa nilikuwa sikijui, alinisimulia kitabu kizima nikiwa nimesimama juani.

Mwenzangu wa chumbani, binti wa Tanga, mtu wa riwaya nene, aliniuliza karibu kila siku nitakua lini. Nilikuwa nakasirika kweli. Nilimwambia riwaya inakueleza kwamba mtu ana hasira; Mjapani anamchorea mshipa mmoja kwenye paji la uso, na wewe mwenyewe unaanza kutafuta wa kugombana naye. Mfaransa anakuchorea kijiji kizima mpaka paka wa dirishani, kisha anakuacha utembee. Mchoraji wa kwetu hana muda wa paka. Anakuchorea jirani yako, na unamtambua kwa tumbo. Na katikati ya kisanduku na kisanduku kuna kinjia cheupe. Kisanduku hiki mwizi anakimbia, kinachofuata amelazwa hospitali. Nani amempiga? Wewe msomaji. Yule binti alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nizime taa.

Mwanaume niliyekuja kuolewa naye nilikutana naye pale pale kwenye turubai. Tulishika kitabu kimoja kwa wakati mmoja, kitabu cha Kifaransa cha mwanamke muuza mikate na mtu wa posta, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia. Tuligombana mpaka muuzaji akatufukuza kwa kuwa tunamfukuzia wateja. Hatimaye yeye ndiye aliyeachia, kwa sharti kwamba nikimaliza atakisoma. Alikisoma mara nyingi kuliko mimi.

Vitabu vyangu vilipojaa chini ya kitanda, nilivipeleka nyumbani ndani ya sanduku la bati. Nilimwambia mama avitunze. Mama hajui kusoma, lakini kutunza anajua. Katika maisha yake sijamwona akitupa kitu hata kimoja.

Ikaja posa. Upande wa mwanaume ni Waha wa Kasulu, na wote walikuwa wamekubali isipokuwa shangazi yake. Shangazi huyo alikuwa na wasiwasi na sisi. Tuna uraia, tuna shamba, lakini babu yetu alivuka kutoka Burundi na godoro kichwani, na shangazi alisema wazi kwamba hatajua kama kwetu kuna malezi mpaka aone nyumba kwa macho yake. Asiporidhika, gari linageuza. Nilikuwa nampenda yule mwanaume, na nilijua hawezi kuoa kinyume cha neno la shangazi yake.

Nilifika nyumbani jana yake jioni, nikaingia sebuleni, nikakuta katuni zangu zote ziko ukutani. Zote. Kutoka sakafuni mpaka kwenye mabati, zimebanduliwa kwenye majalada, zimepakwa uji wa muhogo, zimekauka. Nilijisikia kama mtu aliyekuta kuku wake wote wamechinjwa kwa ajili ya wageni wake mwenyewe. Utamlaumu nani?

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekupambia. Watu wanatoka mjini, wakute udongo?"

Akanitembeza. Wapiganaji wa Kijapani wenye mapanga alikuwa amewaweka mlangoni ili wezi wawaone. Wanaokula, karibu na meza. Wale wa Dar, kwa sababu wana midomo, dirishani, waangalie barabara.

"Na wengine?" nikauliza, maana nilikuwa naona hadithi zina mapengo. "Wako wapi wanaokufa? Wako wapi wanaopendana?"

"Wapo, mwana wanje, mwanangu. Karatasi ina pande mbili. Wenye maiti na wenye kubusiana nimewageuza waangalie udongo. Kesho ni posa, si sinema."

Nilitaka kulia, nikacheka, kisha nikalia. Maji yakimwagika hayazoleki, na uji wa muhogo ukikauka ni vivyo hivyo.

Wageni walifika kesho yake. Mimi nilifichwa chumbani nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa: binti hasemi, hakohoi, mpaka aitwe. Mchumba wangu naye aliketi pembeni kwa amri ile ile. Mshenga wao, mzee mwembamba mwenye sauti ya kanisani, alianza vizuri sana. Walikuwa wapita njia, wameona moshi, wakasema hapa lazima pana jiko, na penye jiko…

Baba yangu mdogo, aliyekuwa msemaji wetu, akasubiri. "Penye jiko, mzee?"

"Samahani," mshenga akasema. "Huyu mwanamke wa mikate. Hapa anauza mkate. Hapa anakunywa supu na huyu mtu wa barua. Halafu hapa ana mtoto."

Nikasikia viti vikisogea. Nikachungulia. Wageni wote walikuwa wamesimama mbele ya ukuta, wameinamisha vichwa, na baba mdogo katikati yao.

"Labda ni mtoto wa dada yake," baba mdogo akajaribu.

"Oya, hapana," akasema shangazi. Sauti yake ilikuwa tulivu, ndiyo iliyonitisha. "Ana pua ya huyu wa barua. Mtoto ni wao. Wameoana wapi? Mimi naona supu, naona mtoto. Hiki ndicho mnachobandika ukutani mbele ya mabinti?"

Ndoa ilikuwa kwenye upande ule ule wa busu, na busu lilikuwa limeangalia udongo. Shangazi akachukua mkoba wake. Nikamsikia akimwambia mshenga kwamba safari ni ndefu na ni vizuri kuwahi.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi sikukusudia. Sauti ilitoka yenyewe:

"Walifunga ndoa! Upande wa pili!"

Na kabla sijaziba mdomo, sauti nyingine kutoka pembeni mwa sebule ikawa imesema maneno yale yale pamoja na yangu. Mchumba wangu alikuwa amesimama, kidole ukutani. Amri mbili zilivunjwa kwa pumzi moja.

"Hawa wawili," mshenga akasema polepole, "wamejuaje?"

"Ibanduliwe," akasema shangazi.

"Karatasi hiyo haibanduki," akasema mama haraka.

Baba mdogo alikuwa ameshaleta maji kwenye kikombe. Akalowanisha, akavuta kwa ukucha, na ukurasa ukatoka na nusu ya udongo. Nilikuwa nimeshatoka nyuma ya pazia bila kuitwa. Hakuna aliyekumbuka kunirudisha. Kanisa lilikuwepo, shada la maua lilikuwepo, na busu lilikuwepo, kubwa, limechukua nusu ya ukurasa. Mama akalifunika kwa ncha ya kanga yake. Sehemu iliyobaki ndiyo watu wakaitazama.

Shangazi alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa uji. Alikagua waalikwa mmoja mmoja, akakagua nyuma ya kanisa, akakagua mpaka mlimani.

"Ng'ombe wako wapi?" akauliza.

Alikuwepo paka tu, dirishani.

"Wameoana kwa paka," akasema shangazi, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nikaona bega lake linatikisika. Alikuwa anacheka. Alijizuia, akashindwa, akakaa chini na mkoba wake mapajani.

Mshenga akakohoa, akarudisha sauti yake ya kanisani. "Basi hao hawakuleta ng'ombe," akasema. "Sisi tumeleta. Tuendelee."

Tulioana. Pale ukurasa ulipobanduliwa pakabaki doa la udongo, na mama akalifunika kwa picha ya harusi yetu, ile tuliyosimama wima kama mashahidi mahakamani. Mwaka huu nilikwenda kumsalimia, nikaishusha picha ile nifute vumbi. Nyuma yake, ndani ya fremu ile ile, palikuwa na picha nyingine, ile mpiga picha alipotulazimisha tubusiane. Nilikuwa nimeamini mama aliichukia, maana alipoonyeshwa aliondoka sebuleni. Imetunzwa vizuri, haina hata alama ya kidole, uso wake umeelekea udongo.

Nikamwita. Alikuwa uani anapukuchua maharage, akachungulia mlangoni, akaona nilichoshika.

"Irudishe ilivyokuwa," akasema.

Nilimpenda mama yangu wakati ule. Nikairudisha, mimi na mume wangu tukiwa tumegeukia ukuta.